Mwezi na bamvua: Kwa nini bahari ya Ukunda hupwa saa nne asubuhi

Wavuvi wa Ukunda na vijiji jirani vya Diani, Galu na Tiwi hawategemei kalenda ya ukutani kujua siku ya kwenda mwambani. Wao huhesabu mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka kati ya siku ya 14 na ya 15, bahari hupwa mbali kuliko kawaida, na wasakaji wa pweza huteremka kupekua mashimo ya mawe. Hizo ndizo siku za bamvua. Mwezi ukiwa nusu, siku ya 7 au ya 22 hivi, huwa ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana.

Mvutano wa mwezi ndio chanzo. Jua nalo huvuta, lakini kwa kuwa liko mbali mno, nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huwa katika mstari mmoja na jua na dunia, hivyo nguvu hizo mbili hujumlika. Mwezi ukiwa nusu, huvutana kwa pembe na kupunguzana.

Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Lakini kwa kuwa bamvua huja pale mwezi unapokuwa sambamba na jua, saa zake hazibadiliki sana: katika pwani ya Kenya maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kilele chenyewe hufika siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevuko.

Hapo ndipo penye hatari. Katika bamvua kubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na nusu ya kina hicho hurudi katika saa mbili za katikati. Aliyejishughulisha na pweza ukingoni mwa mwamba huweza kukuta maji yamekwisha kuingia kupitia milango ya mwamba na kujaa nyuma yake, kati yake na ufuo. Mgeni wa hoteli asiyejua kuhesabu mwezi yumo katika hatari hiyo hiyo, pengine zaidi.

Safari za anga zimeongeza maarifa haya. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini vioo vya kurudisha miale ya leza. Vipimo vyake vimeonyesha kuwa mwezi hujitenga na dunia kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kwa sababu ya misuguano ya maji haya haya yanayojaa na kupwa. Mwaka 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyopima kimo cha bahari kutoka umbali wa kilomita 1,336.

Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji ya Kilindini, linalofaa pia kwa Diani. Lingestahili kubandikwa katika kila diko la wavuvi, hasa kabla ya Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya Ikweta na bamvua huwa kubwa kuliko zote.