Kuhara kwa Watoto na Ushahidi wa Walio Wazima

Miongoni mwa maradhi yanayowaondoa watoto duniani kabla hawajatimiza miaka 5, kuhara kungali katika safu ya mbele, na hesabu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba kila mwaka watoto wapatao 440,000 hufa kwa sababu yake, nao aghalabu ni wa nchi ambazo tabibu mmoja hutumikia vijiji vingi, na dawa za zahanati huisha kabla shehena nyingine haijaletwa. Mintarafu ya nchi hizo imezoeleka kusema kwamba kinachopungua ni vitu: mabomba, vyoo, chanjo na vitanda. Hilo ni kweli, wala silipingi. Illa upo upungufu mwingine unaoutangulia huo, nao ni upungufu wa kuuliza, kila mtoto anapougua, ni watoto gani wa mtaa uo huo ambao hawakuugua, na ni kitu gani kilichowakinga. Swali hilo ndilo kiini cha epidemiolojia, na hoja ya makala haya ni kwamba nchi maskini ina haja nalo kuliko nchi tajiri, kwa kuwa fedha yake ya kinga ni chache, na ikitumiwa kwa sababu isiyo yenyewe hakuna nyingine ya kuirudia kazi.

Swali lenyewe si jipya. Mwaka 1854, waba, yaani kipindupindu, ulipolipuka katika mtaa wa Soho mjini London, tabibu John Snow alizunguka nyumba hata nyumba akiuliza marehemu walikuwa wakinywa maji ya wapi, na wengi wao ikabainika kwamba walikunywa ya pampu ya Broad Street. Ushahidi huo ulikuwa na nguvu, walakini wenye shaka wangaliweza kusema kwamba kila mtu wa mtaa ule alikunywa maji yale, mgonjwa na mzima. Kilichowanyima nafasi ya kusema hivyo ni wale waliosalimika: nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, yenye watu 535, ilipoteza watu 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake, na katika kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu na pampu ile, miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 70 hakufa hata mmoja, kwa kuwa walikunywa pombe ya kiwandani na maji ya kisima chao wenyewe. Kwetu Zanzibar, baada ya waba wa 1869 na 1870, tabibu James Christie aliifuata njia ya maradhi hayo kwa kuwahoji wafanyabiashara na wasafiri, tangu pwani za Bahari ya Shamu, kupitia nchi ya Wamaasai, hata Pangani na Unguja, akaichapisha khabari hiyo katika kitabu mwaka 1876, wakati ambapo kijidudu cha waba kilikuwa bado hakijakubaliwa na wataalamu. Mabwana hawa wawili hawakuwa na maabara ya kuwaambia neno. Walikuwa na maswali, na subira ya kuyauliza.

Hapa yafaa tuitazame imani moja iliyoenea sana pwani na bara, kwamba mtoto huharisha kwa sababu anaota meno. Wataalamu wengi huipuuza kwa neno moja, na kwa kufanya hivyo huwakosea kina mama ambao macho yao hayakudanganya, maana ni kweli kabisa kwamba kuhara huzidi katika miezi ile ile ya kuota meno, baina ya mwezi wa 6 na mwaka wa 2. Kinachohitajika ni kuuliza mambo gani mengine hutukia katika miezi hiyo. Mtoto huanza kupewa uji, ambao mara nyingi hupikwa asubuhi na kunyweshwa hadi jioni. Huanza kutambaa, akiokota chini kila alichokiona na kukitia kinywani. Na kinga aliyoipokea kwa mamaye tumboni huwa imekwisha kufifia. Basi meno na maradhi ni wasafiri wawili waliokutana njiani, na njia ya kuwatenga ni kuwalinganisha watoto wa umri mmoja, wenye meno na wasio nayo, wanaolishwa uji uliokaa kutwa na wanaonyonya tu. Jambo hili si la mjadala wa wanavyuoni peke yao. Mama anayeamini kwamba ni meno hungoja yapite, na katika kungoja huko macho ya mtoto huzama, utosi hudidimia, na ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi. Ilhali maji ya chumvichumvi na sukari, pamoja na vidonge vya zinki, yangaliweza kumwokoa kwa gharama ndogo mno.

Ushahidi wa walio wazima ulipata kazi kubwa zaidi katika utafiti uliofanywa baina ya 2007 na 2011 katika nchi 7 za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya na Msumbiji. Watafiti waliwapima watoto zaidi ya 9,000 waliofika kwa matabibu wakiwa na kuhara kwa kiasi au kukali, na pamoja nao watoto zaidi ya 13,000 wa sehemu zile zile wasiokuwa na maradhi hayo. Vijidudu vingi vilikutwa katika choo cha wagonjwa na cha wazima pia. Lau watoto wazima wasingalipimwa, kila kilichoonekana kingalitwikwa lawama. Kwa kulinganisha ikabainika kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokana na vijidudu vinne tu, na kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja kinara wao ni kirusi cha rota. Ndiyo maana chanjo ya kirusi hicho, iliyoanza kutolewa kwa watoto wote Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, ilikuwa matumizi mema ya fedha chache. Utafiti uo huo ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya vifo vilitokea nyumbani au kwingineko nje ya hospitali, baada ya mtoto kwisha kuonwa na tabibu, jambo ambalo daftari la hospitali peke yake halingaliweza kulijua.

Kazi hii haileti kila mara khabari ya kufurahisha. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili yaliyokuwa pacha, moja Bangladesh na moja magharibi ya Kenya, ambamo familia zilipewa dawa ya kutibu maji, vyoo bora, sabuni na mahali pa kunawia. Bangladesh kuhara kulipungua kwa kiasi cha kuridhisha. Kenya, ambako zaidi ya robo ya watoto walikuwa wakiharisha katika wiki yoyote, hakukupungua. Sababu moja inayotajwa ni kwamba wahamasishaji wa Bangladesh walizitembelea nyumba mara nyingi zaidi. Iwayo yote, lau pasingalikuwako vijiji vya kulinganishia, mradi wa Kenya ungalisifiwa, maana kuhara hupungua kwenyewe kadiri watoto wanavyokua, na upungufu huo ungaliandikwa kuwa ni fadhila ya mradi.

Wako wanaoona kwamba kulinganisha huku ni kuwanyima wengine msaada. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali kwa sehemu: jambo lililokwisha thibitika, kama maji ya chumvichumvi, haifai kumnyima mtoto yeyote kwa jina la utafiti. Walakini ambapo faida haijulikani, au ambapo kitu hakitoshi na hakina budi kugawiwa wilaya kwa wilaya, kuwahesabu waliotangulia na wanaongoja si dhuluma.

Wala haihitajiwi fedha ya wafadhili ili kuanza. Katika zahanati ya kijijini, siku ya kliniki, kina mama hukaa kwenye benchi na kadi za watoto mikononi, na mizani imening'inizwa kwenye boriti. Mlango wa pili, tabibu anaandika katika kitabu cha wagonjwa jina, umri na makazi, na palipo na makazi huandika jina la kijiji tu, ijapokuwa vitongoji vyake vinachota maji ya visima tafauti. Watoto wanaopimwa uzito ndio wazima tunaowatafuta, wa umri ule ule na wa kijiji kile kile, nao wamekuja wenyewe. Waganga Wakuu wa Wilaya na maafisa afya nawaomba jambo hili moja: kabla ya masika, agizeni kwamba kila mtoto anayeandikwa kwa kuhara aandikiwe kitongoji chake, mahali nyumba yao inapochota maji, na ndoo ngapi hutumika kwa siku, na kwamba mtoto mmoja wa kliniki wa rika lake aulizwe yayo hayo siku hiyo hiyo.