Commodore 1541: utunzaji na utambuzi wa hitilafu

Commodore 1541 ni kiendeshi cha diski laini za inchi 5.25 kilichotolewa mwaka 1982 kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64. Chenyewe ni kompyuta nyingine: kina prosesa yake ya aina ya 6502, RAM ya kilobaiti 2 na ROM ya kilobaiti 16. Husoma upande mmoja wa diski, wenye mizingo 35, na kila diski hubeba takriban kilobaiti 170. Orodha ya mafaili huandikwa kwenye mzingo wa 18. Diski ikichubuka hapo, mafaili hayaonekani tena hata kama yenyewe ni mazima.

Udhaifu wake mkubwa hutokana na namna kilivyoundwa. Hakina kihisi cha kukijulisha kwamba kichwa cha kusomea kimefika mzingo wa kwanza. Kila kinapoandaa diski mpya, au kinapokwama kusoma, hukisukuma kichwa nyuma hadi kigonge kizuizi, kisha huendelea kukisukuma. Mlio wa ta-ta-ta-ta unaowatisha wageni ndio huo. Michezo mingi ya zamani iliwekewa makosa ya makusudi ili isinakiliwe, na kila kosa lilileta mgongano mwingine. Katika matoleo ya mwanzo, puli ya mota inayosogeza kichwa iliteleza polepole kwenye mhimili wake, na kichwa kikaacha kulenga mizingo. Transfoma iliyomo ndani ya kasha la kiendeshi huongeza joto.

Hata hivyo, kiendeshi kisichosoma kisihukumiwe kuwa kichwa chake kimehama kabla ya kusafishwa. Kwanza hujaribiwa diski nyingine. Kisha huchomolewa waya wa umeme, maana umeme wa ukutani huingia moja kwa moja ndani ya kasha, ndipo skrubu za chini hufunguliwa. Kichwa kiko chini ya diski. Juu yake kuna mkono wenye pedi ndogo ya kitambaa inayoikandamiza diski. Mkono huinuliwa taratibu, kwa kidole kimoja, kwani ukivutwa sana springi yake hulegea. Kijiti cha pamba kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili hupitishwa juu ya kichwa, na mara nyingi hutoka na doa la kahawia: ni unga wa sumaku uliobanduka kwenye diski. Hurudiwa kwa kijiti kipya hadi pamba itoke nyeupe. Pedi iliyolika hubadilishwa. Reli za kichwa hufutwa grisi kuukuu, kisha hupakwa mafuta mepesi kidogo sana.

Diski zenyewe hukaguliwa kwenye mwanga kupitia tundu la bahasha zake. Yenye madoa ya ukungu isiingizwe kabisa: itachafua kichwa, na kichwa kitaikwaruza kila diski inayofuata.

Kasi sahihi ni mizunguko 300 kwa dakika. Gurudumu linalozungushwa na mkanda limechorwa duara mbili za mistari, moja ya umeme wa hezi 50, unaotumika Afrika Mashariki na Ulaya, nyingine ya hezi 60. Chini ya taa ya neoni, mistari ya duara husika huonekana imesimama kasi inapokuwa sawa. Ikielea upande mmoja, hurekebishwa kwa skrubu ndogo kwenye bodi ya mota. Mkanda uliolegea hubadilishwa kwanza.

Taa nyekundu inayomweka bila kukoma mara kiendeshi kinapowashwa huashiria kwamba kimeshindwa kujipima, na hapo hushukiwa chipu za ROM au RAM. Kebo ya kompyuta isichomekwe wala kuchomolewa umeme ukiwa umewashwa, maana huweza kuunguza chipu za pande zote mbili.

Kichwa kilichohama hutambulika hivi: kiendeshi husoma vizuri diski kilizoziandika chenyewe lakini hushindwa na za kiwandani. Kabla ya kugusa skrubu za kukirudisha mahali pake, mwenyewe anapaswa kunakili kila diski iliyoandikwa na kiendeshi hicho na kuhifadhi nakala kwingine. Kikisharekebishwa, huenda kisizisome tena diski zake za zamani.