Mtoto mnene si lazima awe na afya

Mama akirudi kutoka kliniki, sifa ya kwanza anayopewa na majirani ni hii: "Mwanao kanenepa!" Hapa kwetu Mpanda hakuna sifa inayomfurahisha mzazi kuliko hiyo. Leo napenda tuangalie ilikotoka, maana bila kujua hilo hatutaweza kuwakinga watoto wetu na unene uliopita kiasi.

Vita vya lishe nchini mwetu vilianza kwa kupambana na wembamba. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuzunguka redio zao, na mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai. Kuanzia mwaka 1983, katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu mbele ya wanakijiji wenyewe. Mfano huo ulisifiwa duniani.

Silaha kuu ilikuwa kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Aliyeanguka kwenye nyekundu alikimbiliwa. Lakini kadi ile ilipima uzito kwa umri tu. Haikuuliza urefu. Mtoto mfupi mwenye mafuta mengi na mtoto mrefu mwenye afya njema waliweza kukaa pamoja kwenye kijani, na wote wakapigiwa makofi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya vinavyolinganisha pia uzito na urefu.

Siilaumu kadi ile, kwani iliokoa maisha. Ila ilituzoesha kuogopa upande mmoja tu.

Upande wa pili sasa umefika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na 4 wana uzito uliozidi. Kidunia, UNICEF ilitangaza mwaka 2025 kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamewazidi wenye uzito pungufu, ingawa Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko.

Wapo watakaosema hayo ni ya Dar es Salaam. Nawakumbusha kwamba Rukwa, mkoa uliotuzaa sisi Katavi mwaka 2012, ni ghala la mahindi la taifa. Hata hivyo mwaka 2018 karibu nusu ya watoto wake wadogo walikuwa wamedumaa. Tumbo lililojaa ugali halikuwa dalili ya lishe bora. Wala lililojaa chipsi na soda si dalili hiyo. Isitoshe, aliyedumaa utotoni yumo katika hatari zaidi ya kunenepa vibaya baadaye. Maadui hawa wawili ni ndugu.

Kwa hiyo hatuhitaji kuanzisha vita vipya. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tunayo. Mtoto apimwe urefu pamoja na uzito, na mzazi aelezwe maana yake. Mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wameisaini isiishie kuhesabu waliokonda. Shule zinazotoa chakula ziongeze maharage, mboga na matunda, na mama lishe wa getini aambiwe auze nini. Uwanja wa kuchezea usigeuzwe kiwanja cha duka.

Nasi majirani tubadili sifa. Badala ya "kanenepa", tuulize: anacheza? Amerefuka? Amekula nini leo?