Kiwango cha Kuku Bila Kitabu

Uingereza ilichapisha kitabu chake cha kwanza cha viwango vya kuku mwaka 1865, Marekani 1874. Ujiji, bandari ya misafara katika Kigoma ya leo waliyoifikia wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1858, haikuwa na kitabu cha namna hiyo. Je, ndiyo kusema wafugaji wetu hawakuwa na kiwango? Sikubali. Kuchi, mrefu, shupavu wa kupigana, na kishingo, asiye na manyoya shingoni, ni majina yanayobeba sifa zilizochaguliwa kwa jicho la mfugaji. Mtu atapinga akisema kuku hao wamechanganyika. Kweli, lakini hata vitabu vya Ulaya husahihishwa kila ladha inapobadilika. Wanaoboresha kuku wa kienyeji Kigoma wawasikilize kwanza wafugaji, ndipo washike mizani.