Migongo Isiyo na Mshono

Naomba leo tuzungumzie nakshi, kwa kuwa ina undugu na ushairi. Wasanifu wa tovuti hutumia kigae kidogo cha picha, kikarudiwa kulia, kushoto, juu na chini hadi kikaujaza ukurasa nyuma ya maandishi. Desturi hiyo ilienea tangu mwaka 1995, kivinjari cha Netscape Navigator kilipowezesha picha kukaa nyuma ya maneno. Sharti lake ni moja: ukingo wa kulia uupokee ukingo wa kushoto, jicho lisione palipoungwa. Mimi huuita usuli usio na mshono. Malenga hawana ugeni na sharti hilo, kwani katika shairi la pindu maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayoufungua ubeti unaofuata.

Kanuni hii ni kongwe kuliko kompyuta. Mtu wa Nyakisasa, kata iliyo wilayani Ngara, hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Avuke Mto Kagera kwenye daraja la Rusumo, aingie iliyokuwa nchi ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Huko wanawake walipamba kuta za ndani za nyumba kwa imigongo. Samadi ya ndama huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole kuwa matuta membamba, na yakishakauka hupakwa rangi: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi itokanayo na mimea. Mistari ya kupindapinda, maumbo ya almasi na mizunguko kama ya konokono hurudiwa, kila umbo likishikana na jirani yake. Simulizi za huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi, nazo huuweka mwanzo huo katika karne ya 18.

Jina lenyewe linatosha kumfurahisha mpenda lugha. Kwa Kinyarwanda, umugongo ni mgongo, na wingi wake, imigongo, ni migongo yetu hii hii: ndiyo matuta yale yaliyoinuka ukutani. Msemaji wa Kihangaza, lugha iliyo ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, hahitaji mkalimani.

Wakoloni walitia mshono wao hapo. Mwaka 1922 Gisaka iliwekwa chini ya Waingereza waliotawala Tanganyika, kisha baada ya takriban miaka miwili ikarejeshwa kwa Wabelgiji, na mpaka ukabaki mtoni. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka Rusumo kuingia Ngara. Sanaa ile nayo ilikaribia kuzimika. Baadaye wanawake wa Nyakarambi, kwenye barabara iendayo Rusumo, wakaungana katika ushirika na kuifufua, safari hii juu ya vibao vya mbao viwezavyo kuuzwa na kusafirishwa.

Siku hizi nakshi za namna hii hugeuzwa vigae vya tovuti. Nimeviona vingi vikiitwa "nakshi ya Kiafrika," basi. Hakuna Gisaka, hakuna imigongo. Tuulinganishe usuli huo na kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Hata ikivuka bahari, jina limo kifuani mwake. Kigae hakina pindo. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake, kwa maana kisicho na ukingo hakina mahali pa kuandikwa jina.

Kwa hiyo jina lihifadhiwe katika lugha. Nawaomba malenga wa Ngara na Biharamulo waende kwa bibi zao wakaulize nakshi za vikapu na mikeka zinaitwaje kwa Kihangaza na Kisubi, kisha wayatie majina hayo katika beti. Ubeti una kina, na kina hushika kumbukumbu pale jicho linaposahau.