Mafuta ya makadamia na ya nazi kwenye kidonda: wapi yanafaa, wapi yanadhuru

Huko Kangema, kaunti ya Murang'a, mmakadamia umesimama kando ya chai na kahawa. Asili yake ni Australia. Ulifika Kenya miaka ya 1940, ukapandwa kwanza karibu na Thika. Sisi wa Pwani tuna mnazi na mkanju. Mafuta ya kokwa hizi sasa yanauzwa kwa vichupa, na muuzaji huapa kuwa yanaponya vidonda. Kuna ukweli hapo, ila nusu.

Mafuta ya makadamia yana asidi ya palmitoleiki kiasi cha asilimia 20. Ni nadra kwenye mimea, lakini imo katika mafuta ya ngozi ya binadamu. Ya nazi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, inayodhoofisha baadhi ya bakteria. Watafiti wa Kerala, India, walichapisha mwaka 2010 majaribio ya panya: vidonda vilivyopakwa mafuta ya nazi vilifunga mapema. Lakini panya si mtu, na kidonda cha maabara hakikanyagi tope.

Kazi kubwa ya mafuta ni kuzuia ngozi isikauke. Mwaka 1962 George Winter, Mwingereza, alionyesha kwa nguruwe kuwa kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko kilichoachwa wazi. Wazee wetu wanaosema kidonda "kipigwe upepo" hawatapenda kusikia hayo.

Basi paka kwenye visigino vilivyopasuka, mkwaruzo uliokwisha kufunga, au kovu changa. Usipake jeraha la kina wala lenye usaha. Mafuta ya kukamua nyumbani si safi kiasi hicho. Aliyeungua atiwe maji baridi yanayotiririka dakika 20, si mafuta, si dawa ya meno. Mwenye kisukari akiona kidonda mguuni, aende zahanati siku hiyo hiyo. Aliyechomwa na msumari aulizie sindano ya pepopunda. Mwenye mzio wa njugu na kokwa asijaribu kabisa.

Na kanju? Korosho yenyewe ni chakula, lakini utomvu wa ganda lake huunguza ngozi hata ikatoka malengelenge. Wabanguaji wanaujua vizuri. Wako wanaoupaka kwenye chunjua na vidonda sugu. Ukikurukia, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usishike macho.