Mchungaji wa Lubwa: baba yake Kaunda na injili iliyopitia Mwenzo

Wazee wa Msangano wakisikia jina la Kaunda, humkumbuka Kenneth: rais wa kwanza wa Zambia, rafiki wa Mwalimu Nyerere, mwenzake katika kujenga TAZARA, reli inayopita Tunduma. Baba yake hatajwi. Hata hivyo jina hilo lilisikika madhabahuni miaka mingi kabla ya kuingia Ikulu ya Lusaka, na safari yake ilipitia Mwenzo, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Zambia.

David Kaunda alikuwa Mtonga wa Lisali, magharibi mwa Ziwa Nyasa, katika Malawi ya leo. Alizaliwa karibu mwaka 1878. Alisoma Livingstonia, misheni ya Waskoti iliyoongozwa na Dkt. Robert Laws, katika Chuo cha Overtoun kilichotoa walimu, maseremala, wapiga chapa na wahubiri.

Misheni hiyo ndiyo iliyofungua kituo cha Mwenzo katikati ya miaka ya 1890, kwa ajili ya Wanyamwanga. Mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 ulikuwa umekwisha kulikata kabila hilo vipande viwili. Kaskazini walikuwapo Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakafungua Mbozi. Kusini walikuwapo Waskoti. Watu wa lugha moja, pengine wa ukoo mmoja, wakaanza kuimba tenzi kutoka vitabu viwili tofauti.

Mwaka 1904 Kaunda alitumwa kwa Wabemba. Haikuwa kazi nyepesi. Kumbukumbu za mashambulizi ya Wabemba, waliowateka watu na kuwauza, zilikuwa bado mbichi kwa Wanyamwanga na majirani zao. Aliyetumwa kwenda kuishi kati yao hakuwa Mzungu mwenye bunduki na msururu wa wapagazi, bali mwalimu Mwafrika, mgeni wa lugha na wa kabila. Alikwenda Chinsali, karibu kilomita 200 kusini mwa Tunduma, akaanzisha shule na ibada kijiji kwa kijiji. Mkewe, Helen Nyirenda, alikuwa mwalimu pia, miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kufundisha katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Kwa miaka minane hivi hapakuwa na mmisionari Mzungu aliyekaa pale. Mmisionari Robert McMinn alihamia Lubwa, karibu na Chinsali, mwaka 1913 na kuikuza kuwa kituo kamili, na kwa muda mrefu sifa za mwanzilishi zikamwendea yeye. Msingi aliukuta umekwisha kuchimbwa.

Utaratibu wa Kipresbiteri ndio unaoeleza uzito wa subira ya Kaunda. Mwinjilisti aliruhusiwa kuongoza sala, kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kuhubiri, lakini si kubatiza wala kuhudumia Meza ya Bwana. Aliyewalea waumini tangu herufi ya kwanza ilibidi awangoje wengine waje kuwabatiza. Livingstonia iliwawekea mikono wachungaji wake wa kwanza Waafrika mwaka 1914: Yesaya Zerenji Mwasi, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa. Charles Domingo, msomi hodari aliyekuwa mbele yao wote, alikuwa amekwisha kuchoka kungoja na kuondoka. Kaunda hakuondoka.

Wala hakukaa kimya juu ya maisha ya watu. Pamoja na Donald Siwale, mwalimu Mnyamwanga wa Mwenzo, na wenzao wachache, aliunda Chama cha Ustawi cha Mwenzo mwaka 1912. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikakizima; Novemba 1918 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Fife, jirani na Mwenzo, likielekea Kasama. Chama kikafufuliwa mwaka 1923 na kudumu miaka michache, kikihoji kodi na mambo mengine yaliyowalemea raia. Wanahistoria wengi wanakitaja kuwa chama cha kwanza cha aina hiyo katika Zambia. Waliokianzisha walikuwa walimu wa misheni, watu waliozoea kufungua kikao kwa sala.

Kenneth, mtoto wa nane, alizaliwa Lubwa mwaka 1924. Baba yake aliwekewa mikono mwaka 1930, baada ya robo karne ya utumishi. Akafariki mwaka 1932.

Miaka miwili tu ya uchungaji! Kanisa lilichelewa, na kuchelewa huko hakuna utetezi: mtu aliyeaminiwa kulianzisha kundi peke yake mwaka 1904 aliweza pia kuaminiwa kulibatiza. Ndiyo maana habari zake hazifai kuachwa zibaki tanbihi ya maisha ya mwanawe.

Upande wa Momba na Mbozi nako walikuwapo wainjilisti walioongoza makanisa kwa miaka bila cheo. Wachungaji na wazee wa kanisa wa Msangano, fungueni daftari zenu za zamani za ubatizo, nakilini majina ya walimu wale, kisha waulizeni wajukuu zao wangali hai.